Fungu la Zakayo: Uhakiki wa "Injili ya Utajiri" ya Andrew Carnegie

Mwezi Juni 1889 jarida la Marekani liitwalo North American Review lilichapisha makala yenye kichwa cha neno moja tu, "Utajiri". Mwandishi wake hakuwa padri wala mwanafalsafa. Alikuwa Andrew Carnegie, bepari wa chuma cha pua wa Pittsburgh, Pennsylvania. Makala hiyo ilipovuka bahari na kuchapishwa Uingereza ilipewa jina jipya, "Injili ya Utajiri", na kwa jina hilo ndiyo inayojulikana hadi leo. Tunaihakiki hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni andiko la kitabaka lililo wazi kuliko mengi: bepari anajieleza mwenyewe, bila wakili, kwa nini ni haki awe bepari. Pili, katika madarasa yetu ya itikadi wanafunzi, na wengi wao ni waumini, huuliza swali lile lile kila muhula: ikiwa tajiri anatoa, na anatoa sana, ugomvi wetu naye ni nini? Swali hilo si la kipuuzi. Mkufunzi anayelijibu kwa kaulimbiu hajalijibu.

Hoja ya Carnegie inakwenda hivi. Ushindani ni sheria ya uchumi. Unaweza kumwumiza mtu mmoja mmoja, lakini unaifaa jamii kwa kuwa unawapandisha juu wenye uwezo. Kwa hiyo mali kurundikana mikononi mwa wachache ni jambo la lazima, tena jema. Linalobaki ni kujua tajiri aifanyie nini ziada yake. Anataja njia tatu. Ya kwanza ni kuwarithisha watoto, nayo anaikataa kwa sababu mali ya urithi huwaharibu. Ya pili ni kuiachia jamii baada ya kufa, nayo anaibeza, kwani anayeacha kile ambacho hawezi kwenda nacho kaburini hajatoa kitu. Anaunga mkono hata kodi kali juu ya mirathi ya matajiri. Ya tatu, ile anayoihubiri, ni tajiri kuigawa ziada yake akiwa hai, kwa akili yake mwenyewe, kama mdhamini wa maskini. Desemba mwaka huo huo aliandika makala ya pili na kuorodhesha mahali pa kutoa: vyuo vikuu, maktaba, hospitali, bustani za umma, kumbi za mikutano, mabwawa ya kuogelea, na mwisho kabisa makanisa. Ndugu msomaji atatambua kwamba katika andiko lililoitwa injili, kanisa limepangwa nyuma ya bwawa la kuogelea.

Hatutaki kumsingizia mtu huyu. Carnegie alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1835, mtoto wa mfumaji wa nguo kwa mkono ambaye riziki yake ilikatwa na mashine za mvuke. Familia ilihamia Marekani mwaka 1848, na kijana akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Bwana mmoja, Kanali James Anderson, aliwafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake ya nyumbani yenye vitabu 400 hivi, na Carnegie hakusahau mlango ule maisha yake yote. Tena alitenda alichohubiri. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa ametoa dola milioni 350 hivi. Maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake, na makanisa yakapata vinanda zaidi ya 7,000. Matajiri wa kwetu wakipimwa kwa kipimo hicho, wengi wataona haya. Kwa hiyo anayetaka kumpinga Carnegie asianze kwa kumwita mchoyo. Ni hoja rahisi, na ni ya uongo.

Kosa lipo mahali pengine, na mwenyewe ameliandika. Anadai kwamba fedha nyingi zilizokusanywa na mtu mmoja, kisha zikatumika kwa jambo moja kubwa, zinawafaa maskini zaidi kuliko fedha hizo hizo kama zingegawanywa miongoni mwao kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa maana zikigawanywa hivyo sehemu kubwa itaishia tumboni. Anaongeza kwamba hata maskini mwenyewe anaweza kuelimishwa akalikubali hilo. Hapa ndipo kada anapaswa kuweka kidole na kusoma tena. Fedha zinazogawanywa kwa wengi, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, zina jina katika uchumi: ni mshahara. Carnegie anasema, kwa lugha ya upole, kwamba ni heri mfanyakazi apunjwe mshahara leo ili kesho ajengewe maktaba, kwa kuwa tajiri anajua kuutumia mshahara ule kuliko mwenyewe. Uishie tumboni! Naam, ungeishia tumboni, na mwingine ungeishia katika viatu vya mtoto, kodi ya chumba na dawa ya mama mkwe. Aliyelelewa kwa mshahara wa kibarua hahitaji somo juu ya maana ya tumbo.

Miaka mitatu baadaye hoja hiyo ilijaribiwa katika kiwanda chake cha Homestead, kando ya mto Monongahela. Mkataba baina ya kampuni na chama cha wafanyakazi wa chuma ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Juni 1892, na kampuni ilitaka kushusha viwango vya malipo. Carnegie alikuwa Scotland. Usukani aliuacha kwa mshirika wake Henry Clay Frick, na nia ya kukiondoa chama kiwandani aliijua na kuiunga mkono. Frick alizungushia kiwanda uzio wa mbao wenye seng'enge juu yake, akawafungia wafanyakazi nje, akakodi walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton. Alfajiri ya tarehe 6 Julai walinzi hao waliletwa mtoni kwa matishari mawili. Wafanyakazi pamoja na wake zao wakawangoja ukingoni. Mapigano yalidumu kutwa. Watu wapatao kumi walikufa, wengi wao wafanyakazi. Walinzi walisalimu amri, lakini gavana wa jimbo alipeleka askari zaidi ya 8,000, kiwanda kikafunguliwa kwa vibarua wapya, na kabla ya mwaka kwisha chama kilikuwa kimevunjika. Kampuni kubwa ya United States Steel, ambayo baadaye ilikimiliki kiwanda hicho, haikukubali kujadiliana na chama cha wafanyakazi hadi mwaka 1937. Siku ya kazi ya saa 12 haikuondolewa katika viwanda vyake hadi mwaka 1923.

Mwaka 1898 Homestead ilipata maktaba yake, zawadi ya Carnegie, jengo zuri lenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Mtu anayetoka mbele ya tanuri baada ya saa 12 anasoma saa ngapi? Mtafiti Margaret Byington alikaa na familia za mji huo, na kitabu chake cha mwaka 1910 kimeandika walichopata, walichokula na walicholipia chumba, senti kwa senti. Tunawashauri wanafunzi wakisome kitabu hicho sambamba na "Injili ya Utajiri". Kile kinaonyesha ziada ilipotoka, na hiki kinaonyesha ilikokwenda. Mwaka 1901 Carnegie aliiuza kampuni yake kwa dola milioni 480, na hapo ndipo ugawaji wenyewe ulipoanza kwa kasi.

Somo la thamani ya ziada makada wanalijua, hatutalirudia. Isitoshe, mwumini aliyetuuliza swali hakuuliza kwa Marx. Aliuliza kwa Injili, nasi tunadaiwa kumjibu humo humo.

Basi tumchukue Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, ambaye habari zake zimo katika Luka 19. Watu wengi hukumbuka kwamba alikuwa mfupi na kwamba alipanda mkuyu. Lililo muhimu ni hesabu aliyoitoa aliposhuka. Alitaja mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nusu ya mali yake, na hilo ni la maskini. Fungu la pili ni la wale aliowatoza kwa hila, na hao anawarudishia mara nne. Mafungu haya hayafanani hata kidogo. La kwanza linatoka katika mali ya Zakayo. La pili halikuwa mali yake tangu mwanzo. La kwanza linaweza kwenda kwa maskini yeyote. La pili lina wenyewe, na wanajulikana kwa majina na nyumba zao. Anayepokea la kwanza hushukuru. Anayepokea la pili hana sababu ya kushukuru, kwa kuwa amerudishiwa chake. Mtu angeweza kutoa fungu la kwanza kwa ukarimu mkubwa kabisa na bado akadaiwa la pili lote.

Kwa kipimo cha fungu la kwanza Carnegie anampita Zakayo kwa mbali, maana alitoa zaidi sana ya nusu. Fungu la pili halimo katika injili yake. Linachungulia mara moja tu, tena nje ya makala. Mwaka 1901, alipokwisha kuuza kampuni, alitenga dola milioni 4 kwa ajili ya wafanyakazi walioumia na familia za waliokufa kazini, na katika barua yake akakiri kwamba ana deni kubwa kwa wafanyakazi waliomfikisha pale. Neno deni lilimtoka mwenyewe. Lakini deni lina kiasi, na mwenye kudai hushiriki kukihesabu. Hapa mdaiwa alihesabu peke yake, akapata milioni 4 katika 350, akafunga daftari.

Carnegie hakuwa mjinga, na alijua kwamba Injili ingemsumbua. Ndiyo maana katika makala yake anamtaja Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi aliyetaka Wakristo waishi kama Kristo alivyoishi. Carnegie anamkwepa kwa kusema kwamba roho ya Kristo ibaki, ila namna ya kuitimiza ibadilike kulingana na hali mpya za zama hizi. Hoja ya hali mpya tunaiheshimu. Sisi wenyewe tunaitumia kila siku. Lakini tuitazame inavyofanya kazi hapa. Kilichobadilishwa kwa kisingizio cha zama mpya ni kile kimoja tu kilichomgusa tajiri: swali la asili ya mali yake.

Swali hilo si uzushi wa wajamaa. Katika miaka ya 368 na 369 njaa kali iliipiga Kapadokia, ambayo sasa ni sehemu ya Uturuki, na wenye maghala wakafunga nafaka wakingoja bei ipande. Basili, padri wa Kaisaria na baadaye askofu wake, alihubiri juu ya yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Fundisho lake lilikuwa kwamba chakula kilichozidi haja yako tayari ni cha mwenye njaa, na anayeweza kumvika aliye uchi asimvike anastahili jina lile lile la mnyang'anyi aliyemvua nguo. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne hiyo hiyo, alifundisha kwamba tajiri akimpa maskini anarudisha tu kilicho cha maskini. Hao hawakuwa watu wa pembeni. Ni mababa wa Kanisa. Basili aliuza mali yake akawalisha wenye njaa, na baadaye akajenga nyumba za wagonjwa na wasafiri nje ya mji. Upungufu wao ni kwamba walikuwa na kanuni lakini hawakuwa na nyenzo. Walimwita tajiri mnyang'anyi, kisha wakangoja atubu. Ghala lilibaki na kufuli lake, na ufunguo ukabaki kwa yule yule.

Wafanyakazi wa Marekani hawakuwa wamewasoma akina Basili, ila hesabu waliijua. Carnegie alipokubali kujenga maktaba aliutaka mji utoe kiwanja, na kila mwaka utenge kutoka katika kodi zake asilimia 10 ya gharama za jengo kwa ajili ya kuiendesha. Miji mingi ilishukuru. Mingine ilikataa. Mwaka 1904 maktaba ya Carnegie ilishindwa katika kura ya wananchi wa Wheeling, West Virginia, baada ya vyama vya wafanyakazi kuipiga vita kwa kukumbusha damu ya Homestead. Walitaka maktaba, wasichotaka ni jina lile juu ya mlango. Wengine watawaona wakaidi. Sisi tunawaona ni watu waliokataa kupokea fungu la kwanza wakati la pili halijalipwa.

Jambo hili lilifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1911 Carnegie alianzisha mfuko wa Carnegie Corporation of New York ili uendeleze ugawaji wake. Fedha za mfuko huo zilisaidia kuanzisha shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, mwaka 1925, iliyofundisha walimu wa vijijini. Ilifuata mfano wa shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambako wafadhili walikwisha kuamua kwamba elimu inayomfaa mtu mweusi ni ya jembe, usafi na kazi za mikono. Hatudharau jembe. Tunauliza nani alikaa mezani siku ilipoamuliwa kwamba lafaa kuwa jembe. Nairobi nako kulifunguliwa mwaka 1931 maktaba ya McMillan, ukumbusho wa mlowezi tajiri, ambayo nayo ilipata fedha za mfuko huo. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kijana wa Allegheny aliyefunguliwa mlango na Kanali Anderson hangeamini.

Mwaka 1967 unakumbukwa na kila kada kwa Azimio la Arusha la mwezi Februari. Si wengi wanaokumbuka kwamba mwezi uliofuata Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wa Populorum Progressio, na humo akamtaja Ambrosi yule yule kuthibitisha kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mpaka. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia watawa hao, ambao kazi yao ni kutoa, kwamba kutoa hakutoshi, na kwamba Kanisa lisiposhiriki kikamilifu kupinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini litakosa maana kwa wanadamu. Hapo Mwalimu alichukua hatua ambayo Basili hakuichukua: alihama kutoka kwa tabia ya tajiri akaenda kwenye mfumo unaomzaa. Azimio nalo lilikuwa limekwisha kulihamisha swali la fungu la pili kutoka dhamiri ya mtu hadi kwenye kanuni. Njia kuu za uchumi ziwe za umma, na kiongozi chini ya miiko asiwe na mishahara miwili, hisa katika makampuni wala nyumba za kupangisha. Mirija ikatwe kabla ya damu kunyonywa, ili pasiwepo haja ya kumsubiri kupe awe mkarimu.

Tungependa kuishia hapo tukiwa tumemshinda Carnegie. Haiwezekani, maana hoja yake kuu iliingia hata kwetu kwa mlango wa nyuma. Alisema anajua kuliko maskini jinsi ya kutumia kilicho cha maskini. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima wetu walihamishiwa vijijini, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikibomolewa na mazao yakiachwa shambani, kwa hoja kwamba shule, zahanati na maji vitawafuata huko. Nia ilikuwa ya kijamaa. Lakini ofisa aliyesimama juu ya lori na kumwambia mzee wa miaka 60 kwamba serikali inajua mahali panapomfaa alikuwa anasoma, bila kujua, katika kitabu cha Pittsburgh. Aliyepewa hakukaa mezani.

Na baada ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 kulegeza miiko, tajiri mtoaji alirudi, safari hii akiwa na kadi ya Chama mfukoni. Sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke alicho nacho. Kutamka si kuzuiwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni. Mahakama Kuu iliifuta takrima Aprili 2006, lakini iliyofutwa ni ile ya kwenye karatasi. Mgeni rasmi katika changizo la kanisa au msikiti bado anatangaza mifuko ya saruji na bando za bati, na sisi makada tunakuwa wa kwanza kupiga makofi, maana tunategemea fungu la chama litoke mfuko ule ule.

Mwanafunzi aliyelifufua swali muhula uliopita anatoka katika kijiji ambacho mfanyabiashara mmoja amekijengea paa la kanisa. Hatukumjibu. Tulimpa zoezi la likizo: agawanye ukurasa sehemu mbili, upande mmoja aandike kila alichotoa bwana yule, na upande wa pili aandike malipo ya siku ya watu wanaoponda kokoto katika machimbo yake, saa zao za kazi, na waliolipwa fidia wakiumia. Alirudi na upande wa kwanza umejaa mpaka ukingoni, kwa kuwa kila kitu kilitangazwa kwa kipaza sauti. Upande wa pili ulikuwa na mistari mitatu. Waponda kokoto, alituambia, walikataa kuzungumza naye, na mmoja wao ambaye ni mjomba wake alimsihi asiulize tena, kwa sababu paa bado halijamalizika.